Koki Kumi na Nne, Mara Tatu

Bomba lilikohoa gizani. Kikohozi kimoja kikavu, kisha kingine, kama mzee anayetafuta makohozi asiyoyapata, kisha kimya. Rudayna alikuwa macho, Jumana mdogo kamlalia kifuani na titi bado mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho. Alfajiri ya Jumanne ni zamu ya maji ya Safsaf, mtaa wao. Wiki nyingine saa kama hii maji yangekuwa yanagonga kitako cha tangi juu ya paa, na mashine za kufulia zingekuwa zinanguruma nyumba kwa nyumba, maana katika mji ule wa vilima mwanamke anayelala siku ya zamu atawavalisha watu wake nguo chafu mpaka zamu nyingine. Leo bomba lilitoa hewa, na hewa nayo ikaisha.

Rudayna akatabasamu. Halikuwa tabasamu la mtu mwema, na alishukuru kwamba taa hazijawashwa.

"We Rudayna!" Hajja Widad, mama mkwe wake, aliita kutoka chumba cha pili. "Yamekuja?"

"Bado, mama."

"Bado nini? Nasikia bomba linajamba tu."

"Hayaji leo."

"Nani kakwambia hayaji?"

"Nibal."

Kitanda cha Hajja kililia. Kufumba na kufumbua alikuwa mlangoni, mtandio umemwangukia begani. "Nibal! Umezungumza na yule nyoka?"

"Hajanena neno, mama. Kaandika tu. Na mimi nimesoma."

Nibal na Rudayna walianza kazi siku moja kwenye kampuni ya maji ya mji, wakapewa meza mbili zinazotazamana na birika moja la chai. Programu ya zamu ilikuwa ya Rudayna. Aliiandika, akailea, akaijua tabia zake kama unavyojua tabia za mtoto anayeota meno. Mji ule hauna maji ya kila siku. Kila mtaa una siku yake, na programu ndiyo inayosema: mtaa huu, siku hii, saa hii, fungueni koki hii. Wafungua koki huchukua karatasi na kwenda. Watu walinawa, wakapika na wakafua kwa karatasi ya Rudayna, wala hakuna aliyemjua, naye hilo lilimtosha.

Rudayna alipomzaa Jumana, Nibal alikuja kumpa hongera. Alikaa kwenye kochi la buluu sebuleni, akala bakuli mbili za karawya, ule uji mzito wa mzazi, wenye kokwa za jozi juu yake, akambeba mtoto, akambusu nyayo. Kisha, ameshasimama kuondoka, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, "Nipe neno la siri la programu, mpenzi, isije ikatokea dharura nikakusumbua na uzazi wako." Rudayna akampa. Alimpa huku akimfungia karawya nyingine ya kwenda nayo kwao.

Aliporudi kazini alikuta meza yake imesukumwa ukutani, imewekewa mashine ya kuchapishia. Mkurugenzi wao, Fawwaz, ambaye kila mtu humwita Baba Yazan, alimpokea kwa upole wa kutisha. "Karibu, Mama Taym," alisema, yeye ambaye siku zote alikuwa akimwita Mhandisi. "Sasa una watoto wawili, na kazi ya programu ina presha. Utakaa kwenye simu za malalamiko, ni kazi nyepesi. Nibal kahangaika sana kusafisha makosa uliyoyaacha."

"Makosa gani?"

"Aa, mambo ya kitaalamu. Mwenyewe hataki kuyataja, kwa heshima yako."

Makosa hayakuwepo. Rudayna alisimama pale, maziwa yakimlowesha kifua chini ya koti, na badala ya kupiga kelele akasema ahsante. Neno hilo ndilo lililomkaa kooni. Akinyonyesha, akiosha vyombo, akiviringisha wali kwenye majani ya mzabibu, alilitafuna: nilisema ahsante. Akajiapiza kwamba ipo siku atairudisha meza yake, na siku hiyohiyo Nibal naye atasema jambo litakalomkwaruza koo, na atalisema mbele ya watu.

Siku hiyo ilianza kuja Jumapili, siku ya kwanza ya wiki ya kazi, kwenye karatasi ya zamu. Nakala yake hubandikwa chumba cha simu ili wapokeaji wajue la kuwajibu watu. Rudayna aliisoma akiwa na chai mkononi. Jabal Rumman: koki kumi na nne. Safsaf ya Juu: koki kumi na nne. Safsaf ya Chini: koki kumi na nne.

Akaiweka chai chini taratibu. Alijua palepale, kama mama anavyokijua kilio cha mwanawe kwenye uwanja uliojaa watoto.

Programu ile iliandikwa kwa C, lugha ya amri: fanya hiki, kisha kile, rudia mpaka mitaa iishe. Lakini habari za koki zimo kwenye hifadhidata, na hifadhidata haipokei amri za C, ina lugha yake ya maswali. Basi mwandishi huyapachika maswali hayo katikati ya amri, kama mtu anayesema na wanawe, mara akageuka dirishani kumuuliza jirani kwa lugha ya jirani: koki ya mtaa huu ni ipi? Jibu likija humiminwa kwenye kopo, jina dogo lenye nukta mbili mbele yake, na amri hulisoma kopo hilo. Kopo ni lilelile kwa mitaa yote. Jirani akijibu, jibu jipya hulifukuza la zamani. Jirani akisema sina, hakuna kinachomiminwa, na kopo linabaki na maji ya mtaa uliopita.

Kwa sababu hiyo huwekwa mlinzi, mstari mmoja wa onyo. Wa Rudayna ulisema: jibu likikosekana, simama, chapa jina la mtaa kwa herufi nene, aitwe mtu. Na mlinzi huyu ana tabia ambayo kila mtu wa kazi ile ameijua kwa kuumia: hajali kazi inapita njia gani, anajali ukurasa. Hulinda kila swali lililoandikwa chini yake, mpaka pale atakapoandikwa mlinzi mwingine. Sasa Nibal alikuwa ameongeza kipande chake cha kuhesabu malalamiko, apate kuchora picha ya rangi ya kuwaonyesha wageni wa wizara. Mtaa usio na malalamiko si kosa, kwa hiyo mlinzi wake alisema: jibu likikosekana, endelea tu. Akakichomeka kipande hicho pale alipoona pana nafasi, juu kidogo ya swali la koki. Tangu hapo mlinzi wa Rudayna alibaki kule juu ya ukurasa akilinda upepo, na swali la koki likawa chini ya yule wa endelea tu.

Muda wote huo kosa hilo halikuonekana, kwa kuwa kila mtaa ulikuwa na koki yake kwenye hifadhidata. Halafu wakubwa wakaigawa Safsaf, ya Juu na ya Chini, na hakuna aliyekumbuka kuiandikia koki mitaa hiyo mipya. Jirani akasema sina. Kopo likabaki na kumi na nne ya Jabal Rumman.

Rudayna angeweza kupanda ngazi akasema. Badala yake alimaliza chai yake, na jioni akajaza maji kila chupa, kila ndoo, hata sufuria kubwa za sikukuu, akazipanga chini ya kitanda, akajikausha.

"Kwa hiyo ulijua," Hajja Widad alisema sasa. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amesikia yote.

"Nilijua."

"Na huyo nyoka hajui?"

"Hajui. Alhamisi wageni wa wizara wanakuja, yeye ndiye atakayewaonyesha programu. Itawachapia mbele ya macho yao, koki kumi na nne mara tatu."

Hajja akaurudisha mtandio kichwani. "Na mimi nitatawadhia nini mpaka Alhamisi?"

"Tazama chini ya kitanda, mama."

Bibi akainama, akapapasa, akagusa chupa baada ya chupa. Kicheko kikamtoka cha chini kwa chini, kile cha wanawake jikoni. "Sasa ndiyo nimeamini kuwa wewe ni mkwe wangu. Mwache akauke! Karawya ile niliikoroga kwa mikono hii."

Kazini simu hazikupumua. Matangi ya Safsaf yalikuwa yamebaki na mabaki ya wiki iliyopita, na kufikia saa nne asubuhi mabaki nayo yalikuwa yakiisha.

"Kampuni ya maji, karibu."

"Binti, huko ofisini kwenu maji yapo?"

"Yapo, mama. Nani mwenzangu?"

"Mama Qusai, Safsaf ya Chini. Kama yapo, basi temeni mate kwenye bomba yatufikie."

"Mafundi wanatafuta palipovuja, mama."

"Wametafuta! Wamechimba mbele ya tanuri la mikate toka alfajiri, wamepata kiatu. Cha kushoto. Niwaletee au mtakuja kukichukua wenyewe?"

Rudayna alicheka mpaka akafunika kipaza sauti. Alikuwa bado anacheka Nibal alipoingia, nywele zimeoshwa, ananukia shampuu chumba kizima.

"Umefurahi leo, Mama Taym."

"Wateja wangu wana maneno."

"Hizo ni presha tu za mabomba, Baba Yazan kasema. Kwetu Rumman ni ajabu! Jana zamu yetu, na leo alfajiri yamekuja tena, matangi yamefurika mpaka barabarani. Nimeosha hata mazulia." Akainama kidogo, akashusha sauti kama mtu anayetoa zawadi. "Alhamisi pita kule ukumbini, usimame hata nyuma. Utajifunza kitu, nimeiboresha mno ile programu yako."

"Nitakuja," alisema Rudayna. "Sikosi."

Jumatano asubuhi Mama Qusai alipiga tena. Rudayna aliitambua namba, akajiweka tayari kucheka.

"Kampuni ya maji, karibu."

"Binti, ni mimi wa kiatu." Sauti ilikuwa ya chini, imechoka. "Sikupigii kukutukana leo. Mama mkwe wangu kafariki alfajiri. Tumegonga nyumba kwa nyumba, hakuna aliye na maji. Tumemwosha kwa chupa za dukani, zile za kwenye friji. Yalikuwa baridi, binti. Mikono yetu ilikufa ganzi. Alikuwa hapendi baridi." Akavuta pumzi. "Sitaki kitu. Nilitaka tu mtu ajue."

Akakata simu.

Rudayna alibaki ameshika mkono wa simu. Aliziona chupa zake chini ya kitanda, moja moja, za vuguvugu. Kwa Nibal alikuwa na kisasi, na kisasi hicho alikuwa na haki nacho. Kwa yule marehemu hakuwa na lolote. Alitaka Nibal ndiye akauke, na waliokauka ni majirani zake mwenyewe.

Akapiga namba ya Shukri, mfungua koki wa upande wa mashariki.

"Shukri, ni Rudayna. Kafungue koki kumi na tano, ile ya Safsaf. Sasa hivi, uiache mpaka magharibi."

"Karatasi inasema kumi na nne, Mhandisi." Shukri hakuwahi kuacha kumwita hivyo.

"Najua inavyosema. Mwenyewe hukushangaa kufungua kumi na nne tena na tena?"

"Nilidhani ndiyo mpango. Rumman wanakaa wakubwa."

"Mama yako anakaa wapi, Shukri?"

"Safsaf. Na tangu jana ananiombea dua ambazo si za kheri."

"Basi kafungue. Na ukiulizwa?"

"Nitasema nilikosea kusoma. Miwani yangu inajulikana mji mzima."

Magharibi ile Safsaf nzima ilinguruma mashine za kufulia. Rudayna alipokuwa akianika nepi za Jumana juu ya paa alijipima moyo, akakuta hasira yake haijapungua hata tone. Ilikuwa imechujwa tu. Maji ya watu yalikuwa yametolewa ndani yake, na kilichobaki kilikuwa cha Nibal peke yake.

Alhamisi ukumbi ulinukia maua. Wageni walikaa mbele, na mkubwa wao alikuwa mama mmoja wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Nibal alivaa suti ya zambarau. Aliwaonyesha picha yake ya malalamiko, rangi nyekundu, njano na kijani, na wageni wakatikisa vichwa kwa adabu. Rudayna alisimama nyuma, karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani.

"Hebu tuione karatasi yenyewe ya wiki ijayo," alisema mgeni mkubwa. "Ile anayopewa mfungua koki."

Mashine ikachapa. Yule mama akavaa miwani. Alisoma kwa kidole, kidole kikashuka, kikasimama, kikarudi juu.

"Mitaa hii mitatu inatumia koki moja?"

"Hapana, haiwezekani," alisema Nibal kwa haraka, akaichukua karatasi. Rangi ikamtoka usoni. Aliisoma tena kana kwamba itaona haya ikabadilika. "Hili... hili ni moja ya makosa ya zamani. Ya aliyenitangulia."

Baba Yazan aligeuka, akamwona Rudayna mlangoni. "Mama Taym! Njoo hapa tafadhali."

Rudayna alitembea katikati ya viti. Usiku mwingi alikuwa ameuota mwendo huu, na katika ndoto alikuwa akipiga kelele. Sasa sauti yake ilitoka laini kama siagi.

"Programu hii ni yako?" mgeni alimuuliza.

"Mimi ni wa simu, mama. Programu ni ya Mhandisi Nibal, kaiboresha mwenyewe."

"Lakini kosa hili la zamani..." alianza Baba Yazan.

"Makosa yangu aliyasafisha yote, Baba Yazan. Si wewe uliyeniambia? Ulisema kahangaika sana."

Ukumbini mtu alikohoa. Mgeni mkubwa alishusha miwani, akamtazama Nibal, akamtazama mkurugenzi, kisha akazungumza bila ukali wowote. Jumapili asubuhi angetaka kuiona karatasi sahihi mezani kwake. Isipofika, kitengo kifungwe, na kazi ya zamu ihamishiwe mji mkuu, kwa watu wasiojua hata Safsaf iko kilima gani.

Nibal alibaki ofisini jioni ile, kompyuta inawaka, kalamu mdomoni. Alilisoma swali la koki mara kwa mara, na kila mara lilikuwa sawa. Lilikuwa sawa kwa sababu halikuwa na kosa. Kosa lilikaa juu yake, ndani ya kipande anachojivunia, na hakuna mtu anayetafuta uchafu kwenye nguo aliyoifua mwenyewe kwa fahari. Rudayna alipita na mkoba wake begani.

"Rudayna," Nibal aliita. "Dakika moja tu. Nitazamie."

"Simu zimefungwa," alijibu Rudayna. "Piga Jumapili."

Ijumaa baada ya swala mlango uligongwa. Taym, mwenye miaka mitano na mbio za paka, alifika wa kwanza. Baba Yazan alikuwa amesimama kizingitini na sinia la kunafa, ile tambi tamu ya jibini, na nyuma yake Nibal, kichwa chini.

"Amani iwe nanyi. Luay yupo?"

"Mwanangu yupo Aqaba, bandarini," alisema Hajja Widad kutoka kwenye kochi. "Kwani Luay ndiye aliyeandika programu?"

Baba Yazan akalishusha sinia. "Tumekuja kwa Mhandisi Rudayna."

"Lo! Kumbe jina unalijua. Karibuni."

Walikaa. Rudayna alileta kahawa chungu ya iliki, akamimina kidogo kidogo kwenye finjani, akampa mkurugenzi, akampa Nibal. Baba Yazan aliipokea kwa mkono wa kulia, na bila kuionja akaiweka mezani mbele yake. Nibal akafanya vilevile. Hajja Widad akanyoosha mgongo, macho yakimng'aa. Mtu mwenye haja nzito huja hivyo: finjani huwekwa chini, na hainyanyuliwi mpaka mwenye nyumba amwambie kunywa, na akimwambia, haja yake imekubaliwa. Kwa kawaida hufanywa na wanaume wenye ndevu nyeupe, baina ya koo na koo. Leo ilifanywa mbele ya mwanamke kijana anayenukia maziwa ya mtoto.

"Tunaomba uitengeneze programu kabla ya Jumapili," alisema Baba Yazan. "Na yaliyopita tuyasahau."

"Nitengeneze nini? Sijasikia bado kilichotokea," alisema Rudayna. "Nataka kusikia."

"Nisamehe," Nibal alinong'ona.

"Hilo sikukuomba. Sema ulichofanya."

"Niliongeza kipande cha malalamiko, labda ndicho..."

"Hapana. Programu nitaiona mwenyewe. Wewe sema ulichofanya."

Nibal alilitazama zulia. Mvuke wa kahawa ulikuwa umeshapungua. "Nilimwambia Baba Yazan kwamba programu yako imejaa makosa."

"Ilikuwa nayo?"

"Haikuwa nayo."

"Rudia kwa sauti, Hajja hasikii vizuri."

"Nasikia kama paka," alisema Hajja Widad. "Lakini arudie."

"Haikuwa na makosa!" Sauti ilimkatika Nibal. "Hata moja. Nilisema hivyo kwa sababu yeye," akamnyooshea kidole mkurugenzi, "aliniambia kitengo kitabaki na mhandisi mmoja, ama mimi ama wewe. Nilikuwa nimekaa pale mbele yako nikila karawya na nilikuwa nimeshajua."

Baba Yazan alizama kutazama finjani yake kama mtu anayesoma bahati. Rudayna aliyasikia maneno yale yakiingia mwilini, taratibu, kama maji ya moto kwenye miguu iliyochoka. Alikuwa ameyangoja. Alitaka yakae kidogo kabla ya kuongeza mengine.

"Na wewe ulijua," Nibal alisema ghafla, akainua uso. "Karatasi ilibandikwa chumbani kwako tangu Jumapili. Ulijua ukanyamaza."

Hajja alifungua mdomo, Rudayna akamzuia kwa mkono.

"Nilijua. Safsaf ya Chini kuna msiba, nyumba ya Mama Qusai. Mama mkwe wake alioshwa kwa maji ya friji. Kesho nitakwenda pale nimwambie kwamba nilijua. Na wewe utakwenda umwambie kwa nini hayakuja. Kila mtu na lake."

Nibal alitikisa kichwa kukubali, machozi yanamdondoka kidevuni.

"Meza yangu," Rudayna alimgeukia mkurugenzi, "Jumapili nitaikuta pale ilipokuwa. Mashine ya kuchapishia mtaitafutia pengine. Na jina langu litaandikwa juu ya programu, mahali pa kwanza mtu anapofungua."

"Litaandikwa."

"Na kwenye simu atakaa Nibal."

"Mhandisi, hilo..."

"Ni kazi nyepesi, Baba Yazan. Wewe ndiye uliyeniambia."

Mkurugenzi alimtazama Nibal, akatazama mlango, akatazama finjani. "Atakaa kwenye simu," alisema.

Rudayna aliwaacha wangoje. Alimweka Jumana begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua, akamfuta mdomo kwa ncha ya kitambaa, bila haraka.

"Kunywa kahawa yako, Baba Yazan," alisema hatimaye.

Baba Yazan aliinyanyua finjani, akaimaliza kwa mkupuo mmoja baridi ilivyokuwa, akaitikisa kuonyesha ametosheka, akamshukuru, akamshukuru Hajja, akasimama. Mkono wa Nibal ulikuwa umeshaenda mezani. Ulifika karibu na finjani yake, ukasita hapo hewani, kwa sababu aliyeambiwa anywe alikuwa mmoja. Akamtazama Rudayna. Rudayna naye akamtazama, na hakusema kitu.

Taym alikuwa chini kwenye zulia, kunafa imempaka mashavu. Alitazama finjani tupu, akatazama iliyojaa.

"Mama," alisema kwa sauti, "anti Nibal hajanywa kahawa yake."